Macho Sugu

Ripoti ya uchunguzi wa dawa ilikuwa ya ukurasa mmoja, na Inspekta aliisoma akiwa amesimama. Dawa ilikuwa halali. Vichupa vyote alivyovichukua kwenye friji ya hospitali ya macho vilikuwa na dawa iliyoandikwa kwenye lebo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye lebo, na hakuna kilichoharibiwa na joto. Dawa bandia aliyokuwa akiitafuta tangu malalamiko yafike mezani kwake haikuwepo.

Aliikunja karatasi, akaitia mkobani, akapanda ngazi kwenda maabara. Mlalamikaji wake alikuwa chini, kwenye ukumbi wa wagonjwa. Alikuwa fundi cherehani, mama mtu mzima mwenye kisukari, ambaye vishipa vya damu nyuma ya macho yake vilikuwa vinavuja. Kwa zaidi ya mwaka alichomwa dawa ya kuviziba, bila kukosa kliniki hata moja, na jicho la kushoto lilizimika hivyo hivyo. La kulia lilikuwa bado linaona tundu la sindano, kwa kubahatisha. Mchana huo alitakiwa kuingia kwenye jaribio la dawa mpya, na sharti la jaribio lilikuwa kwamba dawa ya zamani isimamishwe. Kama kweli dawa ya zamani haikumfaa, hakuwa na cha kupoteza. Kama ilimfaa lakini haikumfikia, basi jicho lake la mwisho lilikuwa linapelekwa kuzimwa na watu wenye nia njema.

Profesa aliyeongoza utafiti hakupenda polisi maabarani, na hakujisumbua kuficha. Alimpa Inspekta mifuko ya kuvalia viatuni kabla ya kumpa salamu. Kando yake aliketi mwanakemia anayeendesha mashine, dada mwenye sweta nzito kwa sababu ya ubaridi wa chumba.

Inspekta aliomba aelezwe kazi yao kwa lugha ya mtu aliyefeli kemia. Profesa alieleza vizuri, kwa sababu alikuwa amezoea kueleza. Wiki moja baada ya kila sindano, mgonjwa aliyeridhia hutolewa tone la maji ya jicho. Protini zilizomo hukatwakatwa, vipande hupimwa uzito mmoja mmoja, na kompyuta hutambua kipande gani kimetoka kwenye protini gani. Kwa tone moja hupata mamia ya protini. Wakijua zipi zimezidi kwenye jicho linalovuja, watajua dawa ya kupambana nazo.

Ukutani palikuwa na picha kubwa ya nukta. Nukta za buluu zilijikusanya upande mmoja, nyekundu upande mwingine.

“Buluu ni wale ambao dawa inawakausha,” Profesa alisema. “Nyekundu ni sugu. Unawachoma, unawachoma, vishipa vinaendelea kuvuja. Macho yao yana protini nyingine kabisa. Dawa yetu mpya inalenga mojawapo ya hizo.”

“Fundi wangu ni nyekundu.”

“Ni nyekundu iliyokoza. Na kuna jambo zuri zaidi.” Aliweka kidole kwenye kundi jekundu. “Karibu wote wanakaa mitaa inayozunguka hospitali hii. Ni familia za zamani, zimeoana wee mpaka basi. Hiki ni kitu cha ukoo, afande. Kiko kwenye damu.”

Inspekta alitazama nukta kwa muda. Kwenye maelezo aliyoandikisha mwenyewe, fundi cherehani alisema kwao ni mbali. Mtaa huu aliletwa na ndoa, na mumewe naye aliufuata kwa ajili ya kazi. Hakuwa na ndugu wa damu hata mmoja upande huu. Aliliweka jambo hilo mezani. Profesa alijibu kwamba mtu mmoja havunji kundi.

“Sawa. Hiyo dawa mnayowachoma, yenyewe ni kitu gani?”

“Ni kingamwili. Imetengenezwa kiwandani.”

“Kingamwili si protini?”

“Ni protini, ndiyo.”

“Basi nionyesheni iko wapi hapa. Mmeichoma jichoni, wiki moja baadaye mkatoa maji ya jicho lile lile. Mashine inayoona mamia ya protini lazima imeiona na hiyo.”

Profesa alimgeukia mwanakemia. Mwanakemia alivuta mikono ya sweta.

“Tunaziondoa,” alisema. “Kingamwili zote. Jicho linalovuja linaingiwa na damu, na damu imejaa kingamwili za mtu mwenyewe. Ukiziacha zinafunika kila kitu. Kompyuta inazifuta kabla hatujaangalia matokeo. Ni kama kupepeta mchele. Kila maabara inafanya hivyo.”

“Na dawa inaondoka na makapi.”

“Inaondoka nayo, ndiyo.”

“Hakuna aliyewahi kuyaangalia makapi?”

“Tulikuwa tunatafuta kitu kipya,” Profesa alisema. “Dawa tulijua ipo. Tumeichoma wenyewe.”

Inspekta aliuliza kama kipande cha dawa kinaweza kutofautishwa na kingamwili za mgonjwa. Mwanakemia alisema kinaweza. Kuna vipande vichache ambavyo mwili wa binadamu hautengenezi. Vipimo ghafi vilikuwa bado kwenye kompyuta. Angeiambia isifute, itafute vipande hivyo tu. Profesa alisema ni kupoteza muda. Lakini alisema hivyo akiwa anatazama skrini, na mwanakemia alikuwa ameshaanza kazi.

Kompyuta ilipokuwa ikitafuta, Inspekta alishuka ukumbini.

Hakuwa na haja na familia za zamani. Alitaka kujua kitu kingine ambacho watu wa mtaa mmoja wanaweza kuwa nacho pamoja bila kuwa wa damu moja. Maji yalikuwa ya bomba lile lile la mji mzima. Daktari anayechoma alikuwa mmoja kwa wote, chumba kimoja, mkono mmoja. Alisimama karibu na dawati la sista wa mapokezi, akaangalia foleni inavyokwenda.

Waliofika wa kwanza hawakuwa wanaoitwa wa kwanza. Sista alikuwa akiinua kichwa, anatafuta mtu mwenye mfuko wa safari, anamwita. Fundi cherehani alikuwa amekaa benchi la mwisho, karibu na dirisha, na kitambaa chake cha kufutia machozi kilikuwa kimeshalowa. Pembeni yake alikaa jirani yake, mzee kinyozi, naye mwenye ugonjwa huo huo wa macho. Kinyozi alimwambia Inspekta kwamba siku hizi ananyoa kwa kupapasa, na wateja wameanza kuja na wosia mfukoni.

“Usimsikilize, binti,” fundi alisema. “Wateja wenyewe walishakimbia zamani. Amebaki na wenye vipara.”

Inspekta aliuliza walifika saa ngapi. Walikuwa wa kwanza kabisa. Walimkuta mlinzi akifungua geti. Kwa nini basi wapo benchi la mwisho? Fundi alionekana kushangaa swali lenyewe.

“Si sisi wa hapa? Nyumba yangu unaiona pale. Mtu katoka huko mbali, asipowahi gari atalala wapi? Sisi tunasubiri.”

Sista alithibitisha, tena kwa fahari. Utaratibu huo ulikuwepo tangu yeye hajaajiriwa. Wa mbali kwanza, wenyeji baadaye. Hakuna aliyewahi kulalamika. Wenyeji wenyewe ndio huwasukuma wageni mbele.

“Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?” alisema, akacheka.

“Wanasema,” Inspekta alijibu. Alihesabu kwa macho watu wa benchi la mwisho, akalinganisha sura zao na maelezo aliyokuwa ameyachukua nyumba kwa nyumba wiki iliyopita. Aliwajua karibu wote. Kila mmoja alikuwa amesema dawa haimsaidii; wote walikuwa nukta nyekundu.

Alirudi juu. Profesa alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwanakemia, na mwanakemia amesimama nyuma yake. Kwenye skrini palikuwa na vijiti vya buluu na vyekundu. Vya buluu vilisimama wima, virefu, karibu sawa. Vyekundu vilikuwa vifupi, vingine havikuzidi unene wa mstari uliovichora.

“Dawa ipo kwa buluu,” mwanakemia alisema. “Kwa nyekundu ipo pia. Ila ni kama harufu ya chakula ukipita nje ya nyumba ya mtu.”

Profesa alisema huenda jicho sugu linaisafisha dawa haraka. Inspekta alimwacha amalize. Kisha akamuuliza kama kwenye kundi jekundu kuna hata mmoja anayetoka mbali. Alikuwepo mmoja. Mwanakemia alimtafuta kwa namba yake: matone yake mawili ya kwanza yalikuwa ya buluu, dawa imejaa, jicho linakauka. La tatu likageuka jekundu. Kati ya la pili na la tatu, anwani yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa amehamia kwa dada yake, mtaa wa nyuma ya hospitali, ili awe karibu na matibabu.

“Damu yake ilihama pamoja naye?” Inspekta aliuliza.



Alipanga hoja zake kwa sauti, taratibu, kama mtu anayekunja nguo. Dawa ingekuwa bandia, vichupa vingesema. Friji ingeharibika, wote wangeumia, wa mbali na wa karibu. Mtu angeiba dawa na kuweka maji matupu, vijiti vyekundu visingekuwepo kabisa. Lakini vipo, vifupi. Kwa hiyo dawa ilikuwa inazimuliwa, tena baada ya kichupa kufunguliwa na kabla ya sindano kuingia jichoni, na ilikuwa inazimuliwa kwa watu wa mwisho kwenye foleni. Jengo lilikuwa na chumba kimoja tu ambamo kichupa hufunguliwa.

Hospitali nzima ilimwita mfamasia Mjomba. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mikono midogo na safi sana, na alimkaribisha Inspekta kama aliyekuwa akimngojea. Kazi yake ilikuwa kufungua kichupa ndani ya kabati la hewa safi na kukigawa kwenye mabomba madogo ya sindano, kwa sababu kichupa kimoja hutosha macho mengi. Inspekta alimwomba agawe dawa ya siku hiyo mbele yake.

Mjomba aligawa. Hakumwaga hata tone. Mabomba yalipangwa kwenye trei, kila moja limejaa hadi kwenye mstari, mpaka kichupa cha mwisho kikakauka. Inspekta alisogea kwenye kioo cha mlango, kinachotazama ukumbini.

“Mabomba yameisha, na watu bado wapo. Wale wa benchi la mwisho wanapata nini?”

“Vilivyobaki ulivichukua wewe, afande. Kwa uchunguzi.”

“Nilivichukua wiki hii. Nakuuliza mwaka mzima.”

Mjomba alivua glovu, moja, kisha nyingine. Nyuma yake, kwenye rafu, palikuwa na boksi la maji ya chumvi, limefunguliwa. Hakuna dawa ya macho iliyotolewa na chumba kile iliyohitaji maji ya chumvi.

“Wewe umewahi kumwambia mtu ambaye macho yake yanazimika arudi nyumbani, dawa imeisha?”

“Nimewahi kuwaambia watu mabaya kuliko hayo.”

“Mimi sijaweza. Vichupa vinaletwa vile vile kila mwezi, watu wanaongezeka. Wale wa mbele wanapata kamili. Wa mwisho nawagawia kilichobaki, najazia. Nilisema kidogo si haba. Haba na haba…”

“Hujaza kibaba,” Inspekta alimalizia. “Jicho si kibaba, Mjomba. Nusu ya nusu dozi haizibi mshipa. Umesomea hivyo.”

“Nimesomea.”

“Uliona kwamba hawaponi?”

Alikiri kwamba aliona. Waliongozwa kwa mkono kupita mlangoni kwake, na kuna miezi alikuwa hapati usingizi. Alikuwa ameamua kwenda kusema. Siku hiyo hiyo Profesa akatoa mhadhara kwenye ukumbi mkubwa, akaonyesha zile rangi mbili, akasema wenyeji wana kitu kwenye damu ya ukoo ambacho dawa haikiwezi.

“Watu walipiga makofi,” Mjomba alisema. “Na mimi nilipiga. Nadhani nilipiga kuliko wote.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu haikuwa mimi.”

Inspekta alimwambia ataandikisha maelezo kituoni jioni. Hakumfunga pingu, mtu yule hakuwa wa kukimbia. Lakini kabla ya hapo, alisema, kuna kazi moja imebaki. Daktari ameshaelezwa. Leo foleni haipangwi kwa umbali. Walio hatarini zaidi ndio wanaanza, kila mmoja bomba lililojaa. Wengine watarudi nyumbani bila sindano, wasubiri mzigo ujao.

“Utatoka pale, utawaambia.”

“Wewe huwezi, afande? Au sista?”

“Wewe.”

Profesa alimkuta Inspekta kwenye korido. Alikuwa ameshapiga simu mbili. Jaribio limesimamishwa, fundi cherehani ameondolewa kwenye orodha, na atawaandikia wale wote waliosoma makala yake. Aliyasema haya kwa haraka, na Inspekta alimheshimu kwa hayo. Kisha hakuondoka.

“Kuna jambo la kitaalamu,” alisema. “Zile protini nyekundu. Si za macho sugu, nimekubali. Ni za macho yanayovuja bila tiba, miezi na miezi, yakipimwa hatua kwa hatua. Hakuna kamati ya maadili ambayo ingeniruhusu kuwaacha watu bila dawa ili niwapime hivyo. Hakuna maabara yenye kitu kama hicho. Sasa tunacho. Tiba inaweza kutoka humo kweli.”

“Unataka nini?”

“Idhini yao ilikuwa ya utafiti mwingine. Inabidi waulizwe upya. Nilifikiri, kwa kuwa fundi anakuamini wewe…”

Inspekta alisema atamuuliza, kwa sababu swali lilikuwa la haki, na aliyekuwa na haki ya kulijibu hakuwa yeye.

Chumba cha sindano kilikuwa kidogo, cheupe, na taa yake iliwaka juu ya kitanda kimoja. Fundi cherehani alikuwa ameshalala chali, uso umefunikwa kitambaa chenye tundu, na jicho la kulia tu ndilo lililoonekana. Inspekta alimweleza yote bila kupunguza: foleni, maji ya chumvi, damu ya ukoo. Fundi alisikiliza kama anayesikiliza vipimo vya nguo ya mtu mwingine. Aliuliza jambo moja: jicho la kushoto lingepona, kama angekuwa anakaa mbali?

“Pengine lingepona,” Daktari alisema.

“Sema vizuri, mwanangu.”

“Lingepona.”

Inspekta alimpa ombi la Profesa.

“Ayatumie hayo matokeo,” fundi alisema. “Mimi hayanifai tena. Lakini aandike yalivyopatikana. Asiandike tuliridhia kukaa bila dawa. Aandike tulikuwa tunapisha wageni.”

Daktari alinyanyua bomba kutoka kwenye trei. Trei ilibaki tupu, na chuma chake kiligonga meza. Fundi aligeuza uso kidogo kufuata mlio.

“Nje kabaki nani?”

“Mzee kinyozi,” Inspekta alisema. “Na wengine wachache. Wana macho yote mawili bado. Watasubiri mzigo ujao.”

“Anajua?”

Mlango ulikuwa wazi kiasi. Mjomba alikuwa amesimama mbele ya benchi la mwisho, mikono nyuma, na kinyozi alikuwa amemwinulia uso, anatabasamu upande ambao Mjomba hayupo.

“Anaambiwa sasa hivi.”

Mkono wa fundi ulitoka chini ya shuka, ukashika ukingo wa kitanda kama mtu anayetaka kuamka ampishe mwingine. Ulibaki hapo. Daktari alisubiri, bomba hewani. Inspekta naye alisubiri, na hakusema neno la kumsaidia.

“Choma,” fundi alisema.

Daktari alimwambia aangalie juu, asitikisike. Aliangalia juu.